Uzushi wa Ndani ya Matatu

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari ya neno moja lililobandikwa ndani ya gari, na jinsi sisi tuliodhani kuwa twaijua lugha yetu tulivyolifahamu vibaya neno hilo, na yaliyotupata baada ya hapo. Habari yenyewe si ya kujivunia. Tumekaa nayo kifuani miaka mingi, na lau si kuwa wazazi wa watoto wanaohusika wametupa ruhusa, na mmoja wao akatuhimiza, tusingaliiandika.

Kazi yetu ni kusomesha chuo. Tangu ujana wetu twasomesha watoto Qur'ani katika kijiji kimoja kilicho karibu na Malindi, na elimu yetu ya serikali haikuvuka shule ya msingi. Twalitaja hili ili msomaji ajue mapema kwamba mambo ya hesabu na utafiti yatakayokuja mbele tumeyapata kwa kusomewa na kufafanuliwa, wala si kwa ubingwa wetu.

Katika mwaka 2016 chuo chetu kilialikwa Mombasa katika mashindano ya kusoma Qur'ani. Tukachagua wanafunzi saba, mkubwa wao ana miaka 14 na mdogo ana miaka 11, na baada ya sala ya alfajiri tukapanda matatu ya abiria 14. Sisi na watoto wetu tulikuwa wanane, na wengine sita hatukuwajua. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa makamo, ameketi karibu na mlango na kikapu cha mahamri mapajani. Tulipofika Gede alikwisha kuwagawia watoto wote, mmoja mmoja, akakataa katakata kupokea hata senti.

Katika kioo cha dirisha, mbele ya macho yetu, palibandikwa karatasi ya namna ile ambayo vijana huiita stika. Iliandikwa kwa herufi kubwa neno moja, ZUSHA, na alama ya mshangao mbele yake, na pamoja na neno hilo maneno machache ya kumtaka abiria aseme pindi dereva anapoendesha vibaya. Tulipoisoma tulicheka, kisha tukaudhika. Msomaji wa pwani atajua kwa nini. Kwetu sisi kuzusha si jambo la sifa. Mzushi ni mtu anayetunga maneno yasiyokuwapo akayatia katika masikio ya watu hata nyumba zikavunjika. Na katika darasa zetu, uzushi ndilo jina tunaloliita kila jambo lililotiwa katika dini nalo halimo. Miaka yote twawaambia watoto, jihadharini na uzushi. Leo ndani ya gari twaamrishwa tuzushe! Tukamwambia yule mwanafunzi mkubwa aliyeketi nasi, "Tazama, Kiswahili kimekwisha kuharibiwa hata katika vioo vya magari." Naye akajibu, "Ndiyo, Maalim," kwa kuwa amefunzwa adabu. Hatukugeuka nyuma, na laiti tungaligeuka tungalimwona yule mdogo wa miaka 11 akiisoma karatasi kama hiyo katika dirisha lake, herufi kwa herufi, kama anavyousoma ubao wake chuoni.

Dereva alikuwa na haraka. Hata tulipoiacha Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa mkono wetu wa kuume, gari ilikuwa na mwendo wa kumfanya mtu ashike kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Aliyapita magari penye kona, akayapita tena mahali asipoweza kuona kinachokuja. Twazikumbuka sauti za saa ile: redio, upepo wa dirishani, na chini yake mnong'ono wa abiria. Mama wa mahamri alikuwa akileta istighfari. Mzee mmoja nyuma yetu akivuta tasbihi. Nasi tulikuwa tukisoma tulichokihifadhi. Gari nzima ilikuwa ikisema na Mola wake, wala hapana hata mmoja aliyesema na dereva.

Tulipovuka daraja la Kilifi mwendo ukazidi. Ndipo tuliposikia sauti nyembamba kutoka nyuma, nayo haikuwa ya ufidhuli hata kidogo: "Dereva, tafadhali punguza mwendo. Tunaogopa."

Utingo akacheka, akasema, "Kama waogopa, shuka utembee." Abiria wawili watatu wakacheka pamoja naye. Na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuligeuka tukamkazia macho mtoto yule, tukamwambia, "Nyamaza! Mtoto haingilii kazi ya wakubwa. Tutazungumza tukifika." Kisha, na hili ndilo linalotuumiza kuliko yote, tukamwomba dereva radhi. Tulimwambia, "Usimjali, mwanangu, ni mtoto." Dereva akainua mkono mmoja kutoka katika usukani kutuashiria kuwa ametusamehe.

Hazikupita dakika kumi. Kabla hatujafika Vipingo, palipo na mashamba ya mkonge, alitoka kulipita lori la mawe, na mbele yake likawa laja basi. Akaikata gari kulia, ikaiacha njia, ikaingia katika mkonge, ikalala ubavu. Mama wa mahamri alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Hatukuwa tumemwuliza jina. Tulilijua siku ya pili, mazikoni kwake, na hatutaliandika hapa. Watoto wengine walipata michubuko. Yule mdogo alivunjika mkono karibu na kiko.

Jioni ile tuliketi kando ya kitanda chake. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Maalim, yale mazungumzo bado yapo?" Tulikuwa tumesahau kwamba tulimwahidi adhabu. Yeye hakusahau, alikuwa akiingoja. Tulimwambia alale.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hatukutaka kusikia habari za magari wala za stika. Lakini palikuwa na haki ya mtoto ya bima ya kufuatiliwa, na siku moja katika ofisi hizo karani mmoja kijana alitusikia tukisema kwa uchungu juu ya ile karatasi, kwamba wenye kuibandika walikuwa na fedha za kuchezea. Akatuuliza kwa heshima, "Maalim, wajua kuwa karatasi ile ilipimwa kwa madaftari ya bima kama haya?" Hatukujua. Tukaketi tukamsikiliza, na tuliporudi nyumbani tukamwomba binti yetu, aliye mwalimu wa shule, atusomee yaliyoandikwa juu ya jambo hilo kwa Kiingereza. Na haya ndiyo tuliyoyapata.

Wasomaji wa rika letu wataikumbuka ile amri ya mwaka 2004, wakati waziri wa uchukuzi John Michuki alipozilazimisha matatu zote za Kenya kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria wasizidi viti. Magari yakagoma, watu wakaenda kwa miguu, kisha njia zikatulia. Walakin sheria yataka mtu wa kuisimamia. Askari katika kizuizi huiona gari kwa dakika moja, nayo wakati huo imesimama. Mwenye gari yuko nyumbani kwake, angoja hesabu ya jioni, na dereva ajua kuwa kila safari anayoiongeza ni nyongeza ya riziki yake. Anayeuona mwendo wa gari kutoka mwanzo wa safari hata mwisho wake ni abiria peke yake, na yeye ndiye atakayevunjika mifupa. Basi mbona hasemi?

Swali hilo walijiuliza wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack. Katika mwaka 2008 walizichukua matatu zaidi ya 2,000 hapa Kenya, wakazigawa kwa namna isiyokuwa na upendeleo, nusu zikabandikwa karatasi ndani na nusu zisibandikwe. Karatasi zile hazikumwambia dereva neno lolote. Zilisema na abiria, zikimtaka asinyamaze. Nyingine zilikuwa na maandishi matupu na nyingine zina picha za kutisha za ajali. Kisha wakangoja, na baada ya muda wakayaendea makampuni ya bima kutazama ni gari zipi zilizoletewa madai ya ajali.

Msomaji atauliza kama tulivyouliza sisi: dereva gani atakayekubali kubeba ndani ya gari yake karatasi ya kuwachochea watu wamseme? Nao walilijua hilo. Wakaweka bahati nasibu ya kila juma: dereva aliyechaguliwa, akikutwa karatasi zake zingali mahali pake, hupewa zawadi ya fedha. Hapa tulimsimamisha binti yetu asisome, tukajadiliana naye kama hiyo ni kamari au siyo. Yeye akasema dereva hakutoa hata senti, basi hana cha kupoteza. Sisi tukasema neno lenyewe la bahati nasibu halina harufu nzuri. Mjadala huo haujaisha nyumbani kwetu, na twawaachia wanavyuoni waumalize.

Ama matokeo yalikuwa haya: katika zile gari zilizobandikwa, madai ya bima yalipungua kwa nusu na zaidi, hata kukaribia thuluthi mbili. Ni jambo la kustaajabisha, na wao wenyewe hawakuridhika kuliamini mara moja. Wakalirudia kwa ukubwa zaidi, safari hii magari 12,000, na walipoyatangaza matokeo katika mwaka 2015 upungufu ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza lakini bado ni mkubwa: kati ya robo na thuluthi ya madai, na ajali 140 kwa mwaka zilizotarajiwa zisitokee. Kadhalika walipima mwendo, wakaona gari zenye karatasi zaenda polepole kuliko nyenzake kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa. Tuliposikia hivyo tulistaajabu. Tulikuwa tukidhani mtu akisemwa ama atapunguza mwendo kabisa, ama hatasikia. Kumbe kusemwa kidogo, na pengine hata kujua tu kwamba waweza kusemwa, kwatosha kumrudisha dereva nyuma ya lori badala ya kulipita.

Mambo mawili katika habari hiyo hatuyasahau. La kwanza ni kuwa walijaribu pia kutumia redio, watu wakatangaziwa maneno kama yale majumbani mwao, na hawakuona alama yoyote katika madai ya bima. Neno lile lile, likisemwa mtu akiwa jikoni kwake, hupita kama upepo. Likiwa mbele ya macho yake saa ile ile anayoogopa, hufanya kazi. Sisi wenye kuwahutubia watu juu ya kila jambo mahali ambapo hawawezi kulitenda tungefaa kulitia moyoni hili. La pili ni kuwa karatasi zilizofaa zaidi ni zile zilizowataka abiria waseme kwa pamoja. Hilo lilitukumbusha sauti moja nyembamba katika gari yenye watu 14.

Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na kuenezwa nchini pamoja na mamlaka ya serikali ya usalama wa uchukuzi, ikapewa jina lile la Zusha. Nasi tukalirudia neno kwa macho mengine. Kuzuka ni kutokea kitu ambacho kilikuwako lakini hakikuonekana. Na kuzusha ni kukitoa. Khofu ilikuwamo katika gari yetu tangu Gede. Ilikuwa chini ya ulimi wa mama wa mahamri, na katika tasbihi ya mzee, na katika usomaji wetu. Mtoto hakuitunga. Aliitoa tu nje, nasi tukamwona mzushi.

Binti yetu, alipoona baba yake amekuwa mwanafunzi, akaendelea kututafutia habari nyingine za namna hiyo za nchi za mbali. Kuna wimbo mmoja uliotolewa na shirika la treni la mji wa Melbourne, Australia, mwaka 2012, wa vikatuni vinavyokufa kwa upumbavu wao wenyewe, ili watu wajihadhari na reli. Ukaenea duniani kote. Huo hatukuupenda, kwani mauti si ya kufanyiwa mzaha, ingawa twakiri kuwa wajukuu wetu waliuimba juma zima. Lakini habari ya Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilitukalisha kitako.

Katika mwaka 1995 mji huo ulipata meya aliyeitwa Antanas Mockus, mwalimu wa hisabati na falsafa aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu. Njia za mji zilikuwa fujo tupu, madereva hawajali taa wala watu wanaovuka. Mwalimu huyu badala ya kuongeza askari aliwaleta waigizaji mabubu, wale wanaojipaka nyuso rangi nyeupe na kuigiza bila ya kusema, akawaweka katika njia panda. Dereva akisimamisha gari juu ya mistari ya wavukao, mwigizaji humwendea, akaushika uso wake kwa huzuni, akamwashiria kwa mikono arudi nyuma, na watu wote walioko njiani hutazama. Hapana faini, hapana matusi, wala neno. Walianza wachache, baadaye wakafika mia nne na zaidi. Kisha akawagawia wakaazi wa mji kadi kwa malaki, upande mmoja ni kidole gumba kilichoinuliwa na upande wa pili ni kidole gumba kilichopinduliwa chini, ili raia yeyote aweze kumwonyesha dereva kuwa amefanya vema au vibaya. Na mahali alipouawa mtu anayekwenda kwa miguu, palichorwa nyota juu ya lami. Katika miaka ya kazi hiyo, pamoja na hatua nyingine zilizofuata, vifo vya barabarani katika mji ule vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Zile nyota tulizifikiri sana. Twaijua sehemu moja katika njia ya Vipingo ambapo twaweza kuichora nyota kwa mkono wetu tukiwa tumefumba macho.

Baada ya haya yote tuliona haya kuingia darasani na kuendelea kama zamani. Chuo chetu chafundisha adabu, na hatujutii kuifundisha. Lakini tulijiuliza, hivi katika miaka yetu yote ya kusomesha, tumepata hata siku moja kumfundisha mtoto namna ya kumwambia mtu mzima kwamba anakosea? Tumemfundisha kushusha sauti, kushusha macho, kungoja aulizwe. Hatukumpa hata sentensi moja ya kutumia siku atakapoona jambo la hatari na mkubwa wake halioni, au analiona na amenyamaza. Yule mtoto wetu sentensi yake aliipata katika kioo cha gari.

Basi tukaanza kufanya jambo ambalo katika chuo cha kijijini ni la ajabu. Alasiri ya Alhamisi, baada ya darasa, twazipanga mbao za kukalia safu safu kama viti vya matatu. Mtoto mmoja huwa dereva, mwingine huwa utingo, na waliobaki ni abiria. Dereva huanza kuendesha ovyo, na abiria hutakiwa waseme, kwanza mmoja, kisha wawili, kisha wote: "Dereva, tafadhali punguza mwendo." Si kwa kelele wala kwa tusi. Twawasahihisha sauti kama tunavyowasahihisha makhraji. Tumegundua kwamba kazi ngumu si ya abiria bali ni ya kumzuia mtoto aliye utingo, kwani watoto wa siku hizi wanazijua kejeli za utingo zote na huzimwaga bila ya kukumbushwa. Yule mwenye mkono uliovunjika aliporudi chuoni alichagua kuwa dereva, na akaendesha vibaya kwelikweli, na aliposemwa akakataa kupunguza mpaka darasa zima liliposimama.

Si kila mzazi aliyefurahi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alikuja akatuambia, "Maalim, mimi nimekuletea mtoto umtie adabu, wewe wamtia jeuri." Tulimjibu kwa upole, na twadhani hatukumridhisha. Lakini dada mmoja alituletea hoja iliyo nzito zaidi. Ndugu yake, alisema, aliwahi kumsema dereva usiku, akateremshwa njiani katikati ya msitu, na nauli yake haikurudishwa. "Mwanangu akiteremshwa hivyo, wewe Maalim utakuwapo?" Hatukuwa na jawabu kamili, wala hatunalo leo. Tulilosema ni kwamba mtu mmoja huteremshwa, lakini watu 14 hawateremshwi, na hasara ya dereva ingekuwa kubwa mno. Na tulikubaliana naye katika jambo moja, kuwa mzigo huu si wa mtoto. Mtoto aliusema kwa sababu sisi watu wazima tuliuacha chini.

Kwa hiyo tukaomba ruhusa ya imamu, na Ijumaa moja baada ya sala tukasimama mbele ya wanaume wa kijiji, tukawasimulia kisa chetu chote, pamoja na ile radhi tuliyomwomba dereva. Kisha tukawataka kila mmoja aitamke sentensi ile kwa sauti. Ilikuwa ajabu kuona. Mabaharia, wachinjaji, watu wanaogombana sokoni kwa shilingi kumi, wakawa wananong'ona kama bibi harusi. Mmoja akasema, "Dereva..." akaishia hapo, akacheka, akajifuta uso. Ikawa ni lazima turudie mara tatu.

Hatusemi kwamba karatasi au sentensi ndiyo dawa ya yote. Kwa hesabu za serikali, katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na wengi wao hawakuwa ndani ya matatu yoyote. Walikuwa wakivuka kwa miguu, au wako juu ya pikipiki. Na katika bodaboda abiria huwa peke yake, hana wa kusema naye pamoja, na mdomo wake uko katika kisogo cha anayemwendesha. Hapo sisi hatujui la kumfundisha mtoto ila kushuka mapema.

Mwaka 2023 tulisafiri tena njia ile kwenda Mombasa, alfajiri kama siku ile, pamoja na yule mwanafunzi wetu ambaye sasa amekuwa kijana mwenye ndevu changa. Mkono wake haukunyooka sawasawa, lakini waandika vizuri. Katika dirisha letu stika haikuwapo. Palikuwa na alama ya gundi tu mahali ilipokuwa. Tulipoivuka Kilifi dereva akaongeza mwendo. Tukamtazama kijana, naye akatutazama, wala hakusema. Tulifahamu kwamba anatungoja sisi.

Tulisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko ya mtoto wa miaka 11, na koo ilikuwa kavu: "Dereva, tafadhali punguza." Dereva akanyosha mkono, akapunguza redio.

Gari ikakaa kimya. Kisha mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Si redio, baba. Ni mwendo." Na mtu mwingine, hatukumwona, akasema, "Ni mwendo, bwana." Na kijana wetu akasema, "Ni mwendo." Dereva akatutazama katika kioo, akanung'unika jambo ambalo hatukulisikia, na tulipofika katika mkonge wa Vipingo gari yetu ilikuwa nyuma ya lori la mchanga, ikilifuata polepole, na utingo akilalamika kwamba leo tutachelewa.